Sufuria za Uswidi

Picha ya kwanza iliingia kwenye simu Fridah akiwa amechuchumaa uani kwake, mtaa wa Kibomet, Kitale, mikono imejaa masizi. Alijifuta kwa leso, akaifungua. Mume wake, Mwalimu Matthew Khisa, alikuwa amesimama mbele ya karai la bati lililotosha kulaza mtoto. Alikuwa amevaa aproni ya manjano, skafu ya skauti shingoni, na povu limempanda hadi viwikoni. Tena alikuwa anacheka. Hakuwa anakenua meno kwa ajili ya kamera. Alikuwa anacheka kwa raha zake kabisa. Chini yake ameandika: "Kazi ya kujitolea. Leo tumeosha vyombo vya kambi nzima. Mungu ni mwema."

Fridah aliitazama picha hiyo mpaka mwanga wa simu ukazimika, akauwasha tena. Ndoa yao ilikuwa na umri wa kutosha kuwa na binti wa darasa la tano, na hajawahi hata siku moja kumwona mwanamume huyo akikunja mikono ya shati kwa sababu ya sufuria. Hajawahi kumwona akiosha kikombe alichokinywea yeye mwenyewe. Kijiko kikianguka chini, alikuwa anamwambia Fridah kimeanguka.

Angekuwa na hasira ya sufuria peke yake, ingepoa pamoja na maji. Lakini Agosti hiyo Fridah hakutakiwa kuwa Kitale hata kidogo. Alitakiwa kuwa chuoni Kibabii, kwenye dawati, kati ya walimu wenzake wanaosomea stashahada wakati wa likizo. Badala yake alikuwa na ng'ombe wa kukama, watoto wawili wa kulisha, na rundo la vyombo, ili mume wake apate nafasi ya kwenda kuosha vyombo vya watu Uswidi.

Fridah ni mzaliwa wa Naitiri, kwa mzee mmoja mkulima wa mahindi aliyesomesha wavulana wake kwanza. Zamu ya mabinti ilipofika, mzee alisema mvua imekuwa mbaya. Mvua ilikuwa mbaya miaka mingi sana pale kwao, ikifika zamu ya mabinti. Fridah akapata cheti cha kufundisha chekechea kwa nguvu zake, akaingia kazini, na akawa mwalimu yule ambaye mtoto akilia asubuhi getini anatulizwa kwa kuonyeshwa tu mlango wa darasa lake. Lakini cheti kina mwisho wake. Wasichana aliowaonyesha yeye namna ya kushika watoto wa kwanza walikwenda kusoma, wakarudi na stashahada, wakawekwa juu yake. Mmoja wao, binti mzuri tu, asiye na kiburi, ndiye aliyekuwa anamsahihishia mpango wa masomo. Fridah alikuwa anaitikia "sawa mwalimu" huku roho inamchoma.

Ndiyo sababu alijiandikisha Kibabii. Alimaliza vipindi viwili vya likizo vizuri. Cha tatu kilikuwa Agosti, na Julai ndipo Matthew alipoingia nyumbani akiwa hakanyagi chini kwa furaha. Alikuwa amechaguliwa kwenda kujitolea kwenye kambi ya kimataifa ya skauti, vijana kutoka kila pembe ya dunia, na viongozi watu wazima wa kuwahudumia. Msichana wa kazi alikuwa ameondoka kwenda kuolewa. Lazima mmoja abaki.

"Agosti yangu, Desemba yako," Matthew alisema, akamnyooshea mkono wa kushoto.

Kwao Bungoma ukimpa mtu mkono wa kushoto umemtukana, lakini kwa skauti hiyo ndiyo salamu, na kwa Matthew ilikuwa zaidi ya kiapo cha mahakamani. Fridah akaupokea. Aliandika barua chuoni akaahirisha kipindi. Aliambiwa utaratibu unaruhusu mara moja tu. Akikosa na Desemba, ataanza upya kama mgeni. Alimwambia Matthew hivyo mara tatu, na mara zote tatu Matthew alisema amesikia.

Tuseme ukweli, Matthew si mtu mbaya. Hanywi, hapigi, karo inalipwa, na wanafunzi wake wa skauti wanaweza kumfuata mpaka kilele cha Mlima Elgon bila kuuliza chakula kiko wapi. Lakini amelelewa kwa mama yake karibu na Kibabii, na pale kwao kijana akishatahiriwa hujengewa kibanda chake, na kuanzia siku hiyo jikoni kwa mama yake hakanyagi. Chakula humfuata alipo. Matthew alitoka kwenye kibanda hicho akaenda chuo, akaoa, akahamia Kitale kwenye nyumba ambayo jiko liko hatua chache tu kutoka kwenye kochi, na hatua hizo chache zikamshinda.

Jioni ile Fridah alimpigia.

"Baba Viola, hiyo picha ni wewe ama ni mtu mnafanana?"

"Ni mimi bana!" Nyuma yake vijana walikuwa wanaimba. "Umeona hiyo karai? Huku kila mtu anafanya. Kiongozi wetu ni daktari wa meno, saa hii ako ndani ya choo anasugua. Huku hakuna ati hii ni kazi ya wanaume, ati hii ni ya wanawake. Kazi ni kazi!"

Kwenye jiko, maziwa yalikuwa yanapanda.

"Umesema?"

"Kazi ni kazi, Mama Viola."

"Ebu rudia pole pole, nirekodi."

Matthew alicheka sana. Alidhani ni utani. Maziwa yakamwagikia jikoni, na Fridah ndiye aliyepanguza.

Picha ziliendelea kuja, kila siku mpya. Matthew akigawa uji. Matthew akibeba mifuko ya taka, mmoja kila bega. Matthew akisugua meza huku mama mmoja wa Kizungu amekaa anakunywa kahawa. Ile ya kahawa Fridah aliitazama kuliko zote. Angetukana, lakini alikuwa mwalimu wa chekechea na midomo yake ilishazoea kujizuia. Akaishia kusema "haya," peke yake, mara nyingi, mpaka Viola akauliza, "Mama, unaongea na nani?"

Picha hizo zilikuwa zinaingia kwenye kundi la familia, kwa hiyo zilifika pia kwa mama mkwe wake, Mama Nasimiyu, ambaye wajukuu wote humwita Kukhu. Kukhu hasomi, lakini picha haihitaji shule. Akapiga simu asubuhi, hata salamu hakumaliza.

"Fridah, ati mwanangu wamemfanya boi?"

"Hapana Mama. Amejitolea."

"Amejitolea kuosha?"

"Ndiyo."

Kukhu akawaza. "Sasa kama walikuwa wanataka mtu ya kuosha, si wangekuita wewe? Wewe ndio unajua."

Maneno hayo yalikuwa na akili kuliko yote Fridah aliyoyasikia tangu safari ianze. Hata hivyo Kukhu hakuwa anamtetea. Alipeleka simu kwa Pasta Wangila, akamwonyesha ile aproni ya manjano, na Jumapili hiyo kanisa zima likamwombea Matthew atoke utumwani salama.

Akatoka salama, amenenepa kidogo. Ibada ya shukrani ikafanywa nyumbani kwa Kukhu. Hema likasimamishwa, majirani wakaja, kuku wakachinjwa. Wageni wakakaa kivulini. Fridah na mashemeji zake wakakaa kwenye moshi tangu alfajiri. Kupitia mlango wa jiko alikuwa anamsikia mumewe kwenye kipaza sauti, na sauti ilikuwa tamu kweli. Matthew alisema kiongozi ni yule anayeinama. Alisema alipokuwa ameinama juu ya karai lile aliona utu wake upya. Alisema sisi Waafrika tunapenda kuhudumiwa, na hatutaendelea hivyo. Watu wakapiga makofi, na Pasta Wangila akasema amina mara mbili.

Halafu Matthew akakaa, akageukia upande wa jiko, akaita, "Mama Viola! Leta maji wageni wanawe."

Fridah alichukua jagi na beseni. Akapita kwa wageni mmoja baada ya mwingine, amepiga goti kidogo kama inavyotakiwa, akimimina. Alipofika kwa mumewe, Matthew alinyoosha mikono bila kukatiza maneno. Alikuwa anamweleza pasta jinsi sufuria za Uswidi zilivyo nzito. Fridah akamimina, naye Matthew akamaliza kunawa, yeye bado anamimina, mpaka beseni likajaa, maji yakashuka kwenye viatu vipya vya mwenye shukrani.

"Pole pole, Mama Viola."

"Pole," alisema Fridah, na hakumaanisha hata herufi moja.

Waliporudi Kitale alingoja watoto walale mchana wa Jumapili, akamkabili bila kuzunguka. Desemba inakuja. Yeye ataenda Kibabii wiki tatu. Nyumba hii ina sufuria, ingawa si za Uswidi. "Nionyeshe," alisema. "Ile kitu uliwaonyesha Wazungu, nionyeshe na mimi."

Matthew alikubali, na alikubali kwa moyo mweupe. Akavua saa. Akaanza kukunja mikono ya shati. Kisha akaenda akafunga mlango wa mbele, akavuta pazia, akarudi, akaenda tena kufunga dirisha la jikoni. Fridah akakaa kwenye kochi, mahali pa Matthew, akasikiliza sahani zikigongana kwenye giza. Matthew alijua kuosha, na hilo ndilo lililomuuma Fridah zaidi. Alikuwa anaosha vizuri, anasuuza mara mbili.

Kibiwott, jirani wao anayeuza maziwa, ana mazoea ya kuingia kwa mlango wa nyuma, na mlango wa nyuma Matthew aliusahau. Akasukuma, akaingia na "hodi" mdomoni, akakuta Mwalimu ameinama juu ya beseni, povu mpaka viwikoni.

Wakatazamana.

"Mwalimu, kuna nini?"

"Simu," akasema Matthew haraka. "Nimeangusha simu yangu humu ndani."

"Woi! Na si itaharibika?" Kibiwott ni mtu wa msaada. Alipandisha mikono ya koti lake, akaingiza mkono kwenye beseni, akaanza kupapasa kati ya sahani. Wanaume wawili wazima wakainama pale wakitafuta. Na simu ya Matthew, ambayo ilikuwa mahali pake siku zote, ikaanza kulia.

Kibiwott alitoa mkono nje ya maji, akaupangusa kwenye suruali.

"Mwalimu," alisema kwa upole, "hiyo inalia kwa mfuko."

Hakucheka. Aliweka chupa ya maziwa mezani, akaaga kwa heshima zote, akaenda. Kicheko kilitoka baadaye upande wa pili wa ua, na kilikuwa cha mke wake, Jerop, kirefu, cha mtu anayeshika mbavu.

Matthew aliacha sahani zikiwa nusu. "Si unaona? Sasa mtaa wote utajua. Mimi ni mwalimu, Fridah. Watu watasemaje?"

"Uswidi kulikuwa na watu wangapi?"

"Hao hawanijui!"

Nadhani Matthew mwenyewe alisikia alichosema, kwa maana alitazama chini. Fridah akaenda kumalizia zile sahani. Aliziosha kwa hasira kiasi kwamba moja ikapasuka mkononi. Kwa hiyo mikono ya Matthew iliweza kazi ile, na mgongo wake uliweza, na hata raha ya kuifanya ilikuwepo. Ila mahali ambapo mtu anampenda na kumjua jina, hapo ndipo haiwezekani. Hilo Fridah aliliona wazi, na kuliona hakukumsaidia kitu.

Hata hivyo hakuachilia Desemba. Oktoba alimkumbusha, Novemba alimkumbusha. "Nitapanga," Matthew alisema. "Mkono wa kushoto nilikupatia ama sikukupatia?" Shule zilipofungwa, Fridah alimwachia unga, mboga zilizokatwa, nguo za watoto zimepigwa pasi, akamwonyesha ng'ombe kama vile wanakutana mara ya kwanza, akaondoka kabla moyo haujamgeuka.

Kibabii alikaa kwa Kukhu, kwa sababu chuo hakiko mbali na pale. Kukhu alimpokea bila maneno mengi. Alikuwa anamwamsha kwa chai na viazi vitamu, na jioni, Fridah akifungua vitabu, anamsogezea taa na kuwafukuza kuku wasipige kelele dirishani. Mara moja alimuuliza, "Hiyo unasoma ni ya nini?" Fridah akamweleza ni juu ya watoto wadogo, wanavyokua na wanavyofunzwa. Kukhu akatikisa kichwa. "Kumbe kuna kitabu ya hiyo," akasema, akaenda kufunga zizi.

Wiki ya mtihani ilipokaribia, Kukhu alimwambia anakwenda Naitiri kumwona dada yake ambaye hajisikii vizuri. Alifunga mzigo mdogo kwa leso, akamwachia Fridah ufunguo, akasema chakula kiko kwenye chungu. Fridah alimtakia safari njema, akarudi kwenye vitabu. Matthew akipigiwa alikuwa anasema wako sawa, soma tu, wako sawa. Watoto walikuwa wanasema wamekula vizuri. Fridah akaanza kidogo kidogo kuamini. Usiku mmoja alijilaumu hata kwa yale maji ya viatuni.

Mtihani wa kwanza ukapita vizuri. Kabla ya ule wa pili, wakiwa wamekaa kwenye nyasi wakipitia maelezo, simu yake ilitetemeka. Lilikuwa kundi la familia. Matthew ameweka picha.

Ni ua wao wa Kitale. Kukhu ameinama juu ya karai, leso imefungwa kiunoni, mkono mmoja umeshika sufuria na mwingine umeshika mgongo. Chini yake Matthew ameandika: "Mama yangu. Amekuja kutusaidia bila kuitisha chochote. Hii ndiyo maana halisi ya kujitolea. Tujifunze kwao."

Mioyo myekundu ilikuwa inamiminika. Pasta Wangila alikuwa ameshaandika amina.

Fridah aliinuka, akaenda kando ya ukuta, akapiga. Sio kwa Matthew. Alijua akimpata Matthew atasema maneno ambayo hayarudi. Alipiga kwa Kukhu.

"Mama, uko Kitale?"

"Niko."

"Si uliniambia Naitiri?"

"Ningekuambia Kitale ungekubali?"

Nyuma maji yalikuwa yanachururika. Fridah alijaribu kutuliza sauti, haikutulia. "Nani amekuita, Mama?"

"Si mwenyewe. Alinipigia wiki ya pili, ati watoto wamekula mkate mpaka wamechoka, ati nguo ziko hivi, ng'ombe iko hivi."

"Na saa hii ako wapi?"

"Ako hapa kwa kiti. Anaandika ripoti ya skauti."

Fridah alifumba macho. Alihesabu vile anavyowafundisha watoto wake kuhesabu wakikasirika, akafika mwisho wa vidole, na hasira ilikuwa pale pale. "Mama, wacha hiyo karai. Wacha kabisa. Nakuja sasa hivi, jioni nitakuwa hapo."

"Ukikuja nitakufungia mlango."

"Mama…"

"Umebakisha mitihani ngapi?"

"Miwili. Moja ni ya saa hii."

"Basi maliza." Maji yakaacha kuchururika. Alipoongea tena alikuwa ameshusha sauti, kama mtu ambaye hataki aliye kwenye kiti asikie. "Fridah, sikiza. Ni mimi nilimwambia jikoni hakuna kitu yake. Mimi, na mdomo yangu hii. Alikuwa anapenda kukaa na mimi hapo kwa moto, akinishikia mwiko, na mimi nikamfukuza. Nilimfukuza mpaka akasikia. Alisikia vizuri sana. Sasa wewe soma, mimi nioshe."

Simu ikakatika. Fridah alibaki ameishika sikioni. Alikuwa na hasira tele na hakuwa na mtu wa kumpa. Yule aliyestahili alikuwa ameketi anaandika ripoti, na yule aliyekiri kosa alikuwa ameinama, amezeeka, anamsugulia sufuria zake ili yeye apate kukaa. Alitaka kulia, lakini kengele iligongwa, na wenzake walikuwa wanaingia.

Aliingia. Akakaa dawati la nyuma karibu na dirisha. Msimamizi alipita akimwekea kila mmoja karatasi, akasema waanze. Akavuta karatasi, na mahali palipoandikwa jina la mtahiniwa akaandika jina alilopewa kwao Naitiri, kwa herufi kubwa, akikandamiza kalamu: FRIDAH NALIAKA.